Vifaa vya mkononi ghalani: uzoefu wangu wa miezi 18

Ghala ninalolisimamia lina kazi tatu zisizofanana chini ya paa moja: rafu ndefu za paleti zinazofikiwa kwa foklifti, vijia vyembamba vya katoni ndogo zinazookotwa kwa mkono, na chumba cha barafu. Miezi 18 iliyopita nilikabidhiwa jukumu la kuchagua vifaa vipya vya kuskani na kurekodi mzigo. Naandika kwa ajili ya yeyote aliyepewa jukumu kama hilo, kwa sababu nilipoanza kutafuta maelezo nilikuta karatasi za sifa tu. Habari za mtu anayekishika kifaa zamu nzima, kuanzia kuingia hadi kutoka, sikuzipata popote.

Tulikuwa na skana za vitufe zinazoendeshwa na Windows Embedded Handheld 6.5, mfumo wa Microsoft wa vifaa vya mkononi. Zilikuwa ngumu kama jiwe, na watu walizizoea kiasi cha kubonyeza bila kutazama. Ila masasisho ya mfumo ule yalikoma Januari 2020, na wenzetu wa mtandao walipokaza usalama wa seva, nyingi zikashindwa kuunganika. Kwa muda tukarudi kwenye karatasi. Mmoja anaandika 1, mwingine anasoma 7, na katoni ambayo vitabu vinasema iko rafuni haionekani. Nilipoteza usingizi wiki zile.

Wazo la kwanza, ambalo lilikuwa na watetezi wengi ofisini, lilikuwa kununua simu za kawaida, kuzivika kava ngumu na kuskani kwa kamera. Nililijaribu kwa nia njema, wiki 4, na wafanyakazi 5. Kwa mtu anayeskani mara 20 kwa siku, simu inatosha, na sioni sababu ya kumwambia anunue kitu cha gharama zaidi. Kwa mwokotaji wa oda, haitoshi. Kamera inahangaika kutafuta fokasi. Nailoni iliyozungushiwa paleti inang'aa na kuipofusha. Kwenye kijia chenye giza mtu anasimama akiipeleka simu mbele na kuirudisha nyuma mpaka ikubali. Skana halisi imeundwa kwa kazi hiyo moja: ina mwanga wake, ina alama inayokuonyesha unapolenga, na kihisi chake hunasa picha nzima kwa mpigo mmoja, kwa hiyo hata mkono ukitikisika inasoma. Sekunde 2 za kusubiri si kitu ukiwa umekaa mezani. Zidisha kwa skani 600 za zamu moja, utapata dakika 20 ambazo mtu amesimama tu akibembeleza kamera.

Simu hizo zina tatizo jingine linalojitokeza baadaye, wakati wa kuongeza idadi. Toleo ulilonunua linaweza kuwa limeshaondoka sokoni, lililofuata lina umbo tofauti kidogo, na kava pamoja na vichaji vyote ulivyofunga ukutani havifai tena. Watengenezaji wa vifaa vya kazi huendelea na toleo moja kwa miaka kadhaa, na mara nyingi hufanya betri na vichaji vioane na toleo linalofuata. Waulize waziwazi: kifaa hiki kitauzwa hadi lini, vipuri vitapatikana hadi lini, masasisho ya usalama ya Android yataendelea hadi lini. Muuzaji anayezungukazunguka kwenye maswali hayo matatu, mimi namuacha.

Baada ya simu tukaleta aina tatu kwa majaribio: kifaa kigumu chenye umbo la simu, kifaa cha mpini kama wa bastola chenye vitufe halisi, na skana ya kuvaa kidoleni iliyounganishwa na skrini ndogo mkononi. Hapa ndipo mzee mmoja wa foklifti aliponifunza kitu ambacho hakikuwa kwenye karatasi yoyote. Nilimpa kile cha umbo la simu, nikampita baada ya saa moja, nikamsalimia na kumuuliza anakionaje.

"Mwanangu," akasema, "hiki kinanitaka nishuke. Lebo iko juu, mimi niko chini, hakioni. Nikishuka na kupanda mara mia kwa zamu, mgongo huu nani ataulipa?"

Alikuwa sahihi. Kifaa kilikuwa na injini (sehemu ya ndani inayosoma msimbo) ya masafa ya kawaida, inayosoma vizuri kitu kilicho umbali wa mkono. Kuna injini za masafa marefu ambazo zinasoma lebo iliyo karibu na pia ile iliyo juu ya rafu, na mtengenezaji mmoja anaweza kuuza kifaa kilekile kikiwa na injini yoyote kati ya hizo mbili. Kwa macho havitofautiani. Jina ni lile lile, herufi chache tu za mwisho za namba ya oda ndizo zinazobadilika. Kama singempita mzee yule siku ile, ningeagiza shehena nzima isiyofaa upande wa paleti. Tangu hapo sikukubali kifaa chochote kabla hakijakaa angalau wiki mbili mikononi mwa mtu wa kazi, mahali ambapo kazi ni ngumu kuliko pengine pote.

Kuhusu kinachosomwa, leza za zamani husoma misimbopau ya mistari peke yake. Msimbo wa QR, uliotengenezwa na Denso Wave mwaka 1994, na ule wa Data Matrix, vinahitaji injini inayopiga picha. Siku hizi sioni hoja ya kununua leza tupu hata kama leo lebo zako zote ni za mistari, kwa sababu mteja mmoja tu akianza kuleta misimbo ya miraba umekwama.

Sasa nieleze jambo lililotutesa zaidi ya yote, na nalieleza kwa kirefu ili mwingine lisimpate. Katoni zetu nyingi zina lebo za GS1-128, aina ya msimbopau wa mistari. Uzuri wake ni kwamba mstari mmoja unabeba mengi: kitambulisho 01 kinatangulia namba ya bidhaa, 17 kinatangulia tarehe ya mwisho wa matumizi, 10 kinatangulia namba ya bachi, yaani kundi la bidhaa zilizotengenezwa pamoja. Namba ya bachi haina urefu maalumu. Inaweza kufika herufi 20. Kwa hiyo, kama kuna kitu kinachoifuata, lazima kiwepo kitenganishi, ambacho ni alama isiyoonekana kwa macho, ili programu ijue bachi imeishia wapi. Kifaa chetu kipya kilikuwa kinapeleka data kwenye programu kama vile mtu anachapa kwenye kibodi, na katika kufanya hivyo kilikuwa kinakitupa kitenganishi. Lebo za wasambazaji walioweka bachi mwishoni zilisomeka sawa. Lebo za waliotanguliza bachi na kufuatisha tarehe zilizaa bachi ndefu za ajabu, zenye tarehe imegandamana mkiani, huku sehemu ya tarehe ikibaki tupu.

Ilituchukua siku kadhaa kugundua, maana skana ililia "pii" na kuwasha taa ya kijani kama kawaida, na kila mtu akaamini kazi imekwenda. Aliyegundua ni dada mmoja wa mapokezi ya mzigo, ambaye ana desturi ya kulinganisha skrini na katoni kwa jicho. Dawa yake ilikuwa badiliko moja dogo kwenye mipangilio ya skana. Kwa hiyo ukijaribu kifaa, usiskani lebo za mfano za muuzaji. Kusanya lebo mbaya kuliko zote ulizonazo: zilizochanika, zilizofifia, zilizo chini ya nailoni, za kila msambazaji, kisha tazama kila sehemu iliyoingia kwenye mfumo, herufi kwa herufi.

Kwenye swali la umbo, niliingia nikiamini skrini ya kugusa imemaliza mjadala. Nimebadili mawazo. Wanaochapa idadi mara kwa mara, hasa wakiwa na glavu, wanataka vitufe. Kibodi ya kwenye skrini inaziba nusu ya kile mtu anachotaka kukiona, na kidole chenye glavu nene kinagusa 8 kikitaka 5. Upande mwingine, kifaa cha mpini kinavuka nusu kilo, na mtu anayekibeba kwenye vijia zamu nzima ataanza kulalamikia kiwiko. Kwa hao umbo la simu linafaa zaidi, likiwa na mkanda wa mkononi. Skana ya kidoleni niliipenda kuliko nilivyotarajia. Mwokotaji wa katoni ndogo anabaki na mikono miwili huru, na hilo analifurahia kuanzia saa ya kwanza. Hakikisha tu kila mtu ana mkanda wake wa kidole, kwa sababu hakuna anayependa kuvaa jasho la zamu iliyopita.

Juu ya uimara sitakaa sana. Jaribio la kuangusha la MIL-STD-810, kiwango cha jeshi la Marekani, linalotajwa kila mahali ni la mara 26 kutoka sentimita 122, juu ya mbao iliyolazwa kwenye zege. Sakafu yako huenda ni zege tupu, na kiti cha foklifti au ngazi viko juu zaidi ya hapo. Tafuta kinachotamkwa kuwa kimeangushwa juu ya zege, na uulizie pia jaribio la kubiringishwa kwenye pipa, maana hilo ndilo linaloonyesha kama viungio vya ndani vitalegea. Kuna pia alama za IP, zinazoonyesha kinga dhidi ya vumbi na maji: IP65 inazuia vumbi kabisa pamoja na maji ya kurushwa kwa bomba. IP67 inavumilia kuzama mita 1 kwa dakika 30. Ghala kavu halihitaji cha pili.

Mtandao wa Wi-Fi ndio ulionipa adabu. Wiki ya kwanza vifaa vipya vilikuwa vikikatika katikati ya vijia, na lawama zote zikaangushiwa vifaa. Tulipopima tukakuta kifaa kinang'ang'ania antena (kifaa cha kurushia Wi-Fi) ya mbali iliyokiunganisha mlangoni, wakati nyingine iko juu ya kichwa cha mtu. Kuna taratibu za kusaidia kifaa kuhama antena haraka, 802.11r, 802.11k na 802.11v, ila lazima pande zote mbili, kifaa na antena, ziwe nazo na ziwe zimewashwa. Zetu za ukutani zilikuwa nazo, zimezimwa. Tukahamishia vifaa kwenye masafa ya GHz 5, kwa kuwa GHz 2.4 ina chaneli 3 tu zisizoingiliana na sisi tulikuwa na antena nyingi zikigombania nafasi. Tulipima pia mara mbili, rafu zikiwa tupu na zikiwa zimejaa. Tofauti ni kubwa, hasa kwenye safu za vinywaji na rangi: chuma kinarudisha mawimbi, na maji yanayameza. Kama una muda wa kufanya jambo moja tu kabla vifaa havijafika, fanya hili.

Betri lazima iweze kutolewa, kifaa kibaki macho kwa dakika moja unapobadilisha, na programu ibaki ilipokuwa. Kwenye chumba cha barafu mambo ni mengine. Betri za lithiamu hupoteza nguvu haraka kwenye baridi kali, na hilo tulilitarajia. Ambalo hatukulitarajia ni ukungu. Kifaa kikitoka barafuni kuingia kwenye joto, unyevu unatanda kwenye kidirisha cha skana na hakisomi kitu mpaka kifutwe, kisha kinarudi ndani na ule unyevu unageuka barafu. Yapo matoleo maalumu ya baridi yenye kipasha joto kwenye kidirisha na skrini. Ni ghali zaidi, nami nilijaribu kuyakwepa kwa kuwaambia watu wabaki na vifaa ndani. Haikuwezekana, kwa kuwa mzigo unatoka na mtu anatoka nao.

Nunua pia programu ya kusimamia vifaa kutoka mbali tangu siku ya kwanza, ili kila kifaa kifunguke kwenye programu ya kazi pekee na mipangilio isambazwe kwa mpigo mmoja. Bila programu hiyo, lile badiliko la kitenganishi lingenilazimu kuzunguka kifaa kimoja kimoja.

Leo tunatumia aina tatu, jambo ambalo ofisi haikulipenda, kwa kuwa walitaka moja. Mpini wenye masafa marefu uko kwenye paleti na mapokezi, umbo la simu lenye skana ya kidoleni liko kwenye vijia, na kompyuta ya kufungwa iko ndani ya foklifti. Hiyo ya foklifti, chagua yenye betri yake ndogo ya akiba, la sivyo inazimika kila betri ya gari inapobadilishwa. Aina zote tatu zinaendesha programu ile ile, na mtu akihamishwa kitengo anaelekezwa kwa muda mfupi tu. Agizo lililo mezani kwangu sasa ni la vifaa 6 vya baridi, pamoja na antena 2 za upande wa milango ya kupakilia, ambako bado panakatika. Mzee wa foklifti aliomba skrini yake ihamishiwe kushoto ili aone uma vizuri anapoinua. Tuliihamisha wiki iliyopita.