Wasifu wa rubani Douglas Bader, kutoka meza ya vitabu vya mitumba Mwanjelwa

Wasifu huu wa rubani Mwingereza Douglas Bader niliununua kwa shilingi 9,000 katika meza ya vitabu vya mitumba jirani na soko la Mwanjelwa, Mbeya, nikausoma jioni nne mfululizo kando ya jiko la mkaa, kwa sababu baridi ya Julai ya huku haimruhusu mtu kukaa mbali na moto.

Anayependa mapigano ya angani atayapata, kwani Bader aliongoza kikosi katika kuilinda Uingereza mwaka 1940, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, lakini kurasa hizo nilizipita haraka. Zimejaa namba za vikosi na aina za ndege. Utamu wa kitabu uko kwenye miguu. Mwaka 1931, akiwa na miaka 21, alianguka na ndege alipokuwa akifanya mbwembwe karibu mno na ardhi, akakatwa miguu yote miwili na kisha kuondolewa jeshini. Vita vilipoanza aliwasumbua wakubwa mpaka wakamrudisha kwenye urubani akiwa na miguu bandia. Agosti 1941, alipolazimika kuiacha ndege yake juu ya Ufaransa, mguu wa kulia ulinasa ndani, na ukanda wake ulipokatika ndipo akajinasua. Angekuwa na mguu wa nyama, angeanguka na ndege. Wajerumani waliomkamata waliuokota mguu huo bandia, wakautengeneza na kumrudishia, naye akautumia kutoroka hospitalini kwa kushuka dirishani kwa mashuka yaliyofungwa pamoja. Alikamatwa tena. Waingereza nao walimdondoshea mguu mpya kwa parachuti, kisha ndege zao zikaendelea na safari ya kwenda kupiga mabomu.

Kasoro niliyoikuta ni moja, nayo si ndogo: kurasa kadhaa kuhusu ngome ya Colditz, gereza la wafungwa wa vita huko Ujerumani alikofungwa kuanzia 1942 hadi Aprili 1945, zilikuwa zimechanwa. Muuzaji aliniambia, “Samahani sana, mwalimu,” akanirudishia shilingi 3,000 bila ubishi, akakiri kwamba vitabu vya kwenye marobota huwa havikagui. Ninamsifu kwa uungwana, ila mnunuzi afunue kitabu chote kabla hajalipa. Bahati nzuri sura ya kurejea nyumbani ilisalimika, ambamo Bader anaongoza ndege zipatazo 300 juu ya London mnamo Septemba 1945.