Watkins au Baxendale: nani wa kuanza naye?

Ukitaka kuwaenzi wachoraji wa vibonzo vya Uingereza, majina mawili hayakwepeki: Dudley Watkins na Leo Baxendale. Wote walichorea kampuni moja ya Dundee, Uskoti, na wote walipamba Beano, jarida la vibonzo vya watoto, lakini mikono yao ni mbingu na ardhi.

Watkins ni fundi wa mstari. Kuanzia 1936 alimchora Oor Wullie, kijana mwenye nywele zilizosimama wima, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Itazame ile ndoo: mistari michache tu, na unalihisi bati lake. Desperate Dan, mchunga ng'ombe wake mwenye nguvu za ajabu, wa 1937, hula pai ya ng'ombe ambayo pembe zimechomoza juu yake. Watkins alifariki 1969 akiwa kwenye meza yake ya kuchorea.

Baxendale ni vurugu tupu, na nasema hivyo kwa mapenzi. Minnie the Minx, msichana wake mtundu, alizaliwa 1953. Mwaka uliofuata wakaja watoto wa Bash Street, wanafunzi watukutu, wakimwagika nje ya darasa kama siafu. Jicho halijui litue wapi: huyu kaning'inia, yule kakanyagwa, pembeni kuna kichekesho kingine kidogo. Baadaye Baxendale aliidai kampuni hiyo haki za wahusika wake kisheria, vuta nikuvute ya miaka saba hadi wakapatana 1987. Alistahili.

Mtoto anayejifunza kuchora ningempa Watkins kwanza. Mimi nikitaka kucheka, mkono unakwenda kwa Baxendale.