Dei kea ya likizo pale Kimanga: niliyempumzisha ni dada

Jumanne ya wiki ya pili ya likizo ya Juni, saa nane na nusu mchana, niko stoo Gerezani, Dar es Salaam, nahesabu katoni za misumari, simu ikaita. Dada wa nyumbani. Huyu si mtu wa kupiga simu ovyo, hata chumvi ikiisha hungoja nirudi.

"Shikamoo baba. Naomba nauli ya Iringa."

Nikamuuliza kuna nini.

"Hakuna kitu, baba. Naomba nauli tu."

Wenye dada mnaijua lugha hiyo. Akikulalamikia mshahara, bado yuko na wewe. Akiomba nauli bila kulalamika, begi lilishafungwa tangu jana. Nikamwachia mwenzangu misumari, nikadandia daladala, foleni ya Buguruni ikanikalisha kama ilivyo desturi yake, nikafika nyumbani Tabata saa kumi na dakika kadhaa.

Nilimkuta kibarazani, kitindamimba wangu wa miaka mitatu amemlalia mapajani, yeye anatazama ukuta wa jirani. Ndani, mkubwa wa darasa la tano na dada yake wa darasa la pili walikuwa wanagombea rimoti. Ndoo ya maji ya kunywa ilikuwa na povu, maana mtu alijaribu kutengeneza mapovu ya kupuliza na akaona sabuni ya unga inafaa. Sufuria ya ugali imeungua hadi mpini.

Mama yao ni muuguzi, tangu Februari amehamishiwa Mtwara. Kwa hiyo msimamizi wa dada ni mimi, kazi ambayo nilikuwa sijui hata kama ipo. Muhula ukiendelea haionekani. Gari la shule linapita kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, linawarudisha saa kumi jioni, na katikati hapo dada anabaki na mdogo peke yake. Anafua, anapika, mtoto akilala saa tano naye anajinyoosha, mchana anaangalia tamthilia yake ya Kituruki. Likizo ikaanza, mimi nikaondoka asubuhi kama kawaida yangu na kurudi jioni kama kawaida yangu, nikidhani kilichobadilika ni kwamba sare hazipigwi pasi.

Jioni ile nikamwambia, "Dada, kaa basi tuongee." Hakukaa. Wasichana wa Kilolo, kwao dada kule Iringa, waliolelewa vizuri hawakai wakiongea na baba mwenye nyumba. Akasema amesimama tu. Nikasimama na mimi.

Nilitegemea aseme kazi nyingi. Alichosema ni hiki: "Baba, mimi kuosha vyombo sichoki. Ila nikiwaambia wazime tivii, kaka mkubwa ananiambia hii tivii si ya kwenu. Nikimwambia mdogo wake akaoge, kaka anamwambia usimsikilize huyo, ni beki tatu tu."

Hilo neno la kumdharau dada wa kazi mtoto hakulitoa shuleni. Mimi mwenyewe hulisema kijiweni, Jumapili, tukicheza bao na wenzangu, na yeye huwa anakuja pale kuomba hela ya barafu. Nikanyamaza.

Nieleze sasa nilivyoifikia hiyo dei kea, kwa sababu sikuanza nayo. Wazo la kwanza lilikuwa dada wa pili. Wakala mmoja akaniahidi binti kutoka Singida, nikamtumia 40,000 ya nauli. Basi la binti likaharibika Manyoni siku ya kwanza. Siku ya pili likaharibika Manyoni tena. Siku ya tatu simu ya wakala ndiyo iliyoharibika. Hela ile nimeshaisamehe, nilichobaki nacho ni hamu ya kuliona hilo basi.

Aliyenielekeza Kimanga ni mama wa genge ninakonunua nyanya. Ni nyumba ya kawaida yenye geti la bluu, uani kuna mwembe, na chini ya mwembe mikeka. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu wa watoto wadogo. Muhula ukiendelea analea wa miaka miwili hadi mitano, likizo anapokea hadi wa darasa la sita. Nusu siku, saa mbili hadi saa saba, ni 5,000 pamoja na uji. Siku nzima hadi saa kumi na moja ni 9,000, na hapo kuna chakula cha mchana. Mkiwa ndugu wawili, wa pili anapunguziwa 1,000. Unalipa kwa lipa namba iliyobandikwa getini, asubuhi kabla mtoto hajavuka. Hakopeshi. Nilijaribu.

Kosa langu lilikuwa kumpeleka mdogo. Nilipiga hesabu ya haraka: mdogo ndiye anayelishwa, anayeogeshwa, anayejikojolea, basi akiondoka huyo dada atapumua. Nikampeleka Alhamisi, Ijumaa na Jumatatu. Jumatatu jioni nikamkuta dada amechoka kuliko ile Jumanne ya nauli. Kumbe mdogo ndiye aliyekuwa kinga yake. Akimbeba anakuwa na sababu ya kukaa, mtoto akilala naye anapata sababu ya kulala, na wale wakubwa wawili hupunguza kelele wakisikia "mtoto kalala". Nimemwondolea kinga nikamwachia vita. Aliponieleza alicheka kidogo, mara ya kwanza wiki hiyo. "Baba, huyu hanisumbui. Hawa wenye meno ndio wanaonisumbua."

Basi kuanzia Jumatano nikawapeleka wenye meno, nusu siku, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa.

Mkubwa aligoma. Getini akasema yeye hasomi chekechea. Mwalimu hakumbembeleza wala hakumfokea. Alimpa kengele ya mkononi akamwambia, "Mimi saa yangu imekufa. Saa nne kamili ya uji unigongee, ukichelewa watoto ishirini wanalala njaa." Nikaondoka nikijua mwanangu hatoki tena pale. Niliporudi saa saba alikuwa ananipa taarifa ya uji umeiva saa ngapi kama mkuu wa kituo cha treni.

Wanafanya nini kule? Kwanza, hawasomi, na hilo kwangu ni sifa. Tabata imejaa tuisheni za likizo, mtoto anatoka darasani Ijumaa anaingia darasani Jumatatu na hesabu zilezile. Kwa mwalimu huyu wanacheza rede, mdako na kombolela. Wanapanda mchicha kwenye makopo ya rangi yaliyotobolewa chini. Wakubwa wanasimuliana hadithi na wanaulizana vitendawili kwa zamu, na ukishindwa unatoa mji kweli, kwa hiyo binti yangu alirudi nyumbani siku moja amepoteza Mwanza, Tanga na Unguja yote. Kila mmoja anaosha kikombe chake cha uji. Hilo la kikombe limehamia nyumbani, sijui litadumu hadi lini.

Uji ni wa ulezi, mzito, wenye karanga. Nimeuonja. Mzuri.

Kasoro zipo, tena nyingine si ndogo. Choo ni kimoja kwa watoto wote, na baada ya uji foleni yake haina tofauti na ya Buguruni. Malapa yanapotea. Binti alirudi na miguu miwili ya kushoto, moja ya pinki moja ya kijani, na nikaambiwa nisubiri mwenye miguu ya kulia ajitokeze. Kuhusu siku nzima, msiilipie. Nilipita siku moja saa tisa kuulizia malapa, nikawakuta waliobaki wamewekwa mbele ya katuni, msaidizi wa mwalimu anasinzia. Katuni wanazo kwetu, hazina haja ya 9,000.

La mwisho ndilo lililonikasirisha. Ijumaa moja nilichelewa, nikamtuma bodaboda wa kijiweni kwetu awachukue. Akawachukua, akawaleta. Hakuna aliyenipigia kuniuliza kama kweli nimemtuma. Bodaboda ni mtu wangu, lakini wao hawamjui. Nilirudi kesho yake asubuhi nikamwambia mwalimu, bila kupaza sauti: "Mwalimu, jana angeweza kuja mtu yeyote mwenye pikipiki." Hakujitetea. Jumatatu nilikuta daftari getini, jina la mtoto, namba ya mzazi na jina la anayeruhusiwa kumchukua. Nimejaza majina mawili, la kwangu na la dada. Dada alipoona jina lake limeandikwa pale aliniuliza kama na yeye anaweza kusaini. Sasa ndiye anayewafuata saa saba, anasaini kwa herufi kubwa, polepole, na wale wawili wanasimama kumsubiri amalize.

Kwa hiyo kilichonunuliwa ni nini hasa? Mchana mmoja nilipita nyumbani saa sita kuchukua stakabadhi niliyoisahau. Nyumba kimya. Maharage yameiva, gesi imezimwa, nguo ziko kambani. Dada na mdogo wamelala mkekani, mkono wake uko kifuani kwa mtoto. Mwezi Mei ningeamsha mtu. Nilirudisha mlango taratibu, nikaenda kwa Mangi nikanywa soda, nikachelewa kazini kwa robo saa.

Mimi ni mtu wa stoo, siridhiki bila hesabu. Ofisini kwetu ukutani kumebandikwa karatasi inayotaja Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: saa 45 za kazi kwa wiki, saa 24 za kupumzika mfululizo kila wiki, likizo ya siku 28 kwa mwaka. Nimeitumia karatasi ile mara nyingi kumkumbusha bosi vya kwangu. Dada yangu likizo ile alikuwa anaamka saa kumi na moja alfajiri na kulala saa nne usiku. Hizo ni saa 17. Siku tatu tu zilikuwa zinammalizia saa za wiki nzima na za ziada, halafu zinabaki siku nne. Nilikuwa nikijisifu kwamba namlipa 120,000, mara mbili ya ile 60,000 ambayo amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliwawekea wafanyakazi wa nyumbani wanaoishi kwa waajiri. Mara mbili ya kiasi kidogo bado ni kiasi kidogo, hasa ukigawanya kwa saa. Niligawanya. Jibu sitaliandika hapa.

Mke wangu naye, kwa simu kutoka Mtwara, mwanzoni alisema tatizo ni kwamba dada anawadekeza. Nikamwambia wiki ijayo akija likizo fupi akae nao siku moja peke yake. Alikaa hadi saa tano asubuhi, akaniuliza ile dei kea inafungua saa ngapi.

Hesabu yenyewe hii hapa. Siku tatu za mdogo, 15,000. Siku sita za wakubwa wawili, 9,000 kila siku, 54,000. Dada nikamwongeza 30,000 ya mwezi wa Juni, na Jumapili ni yake tangu asubuhi, anakwenda kanisani Segerea na kurudi jioni. Jumla 99,000. Kwenye daftari langu la nyumbani nimeiandika "Juni, dada", maana nikiiandika "watoto" mwakani nitasahau nilikuwa nalipia nini.

Dei kea peke yake isingetosha, niseme ukweli. Siku ambazo hawaendi bado ni zake. Usiku ule wa Jumanne niliwaita wote watatu sebuleni, dada akiwepo, nikamkabidhi rimoti na kadi ya king'amuzi mbele yao. Nikawaambia dada akisema zima, nimesema mimi. Na lile neno la kijiweni nikasema nimelifuta mimi kwanza, ye yote atakayelisema atafua soksi zake mwenyewe mwezi mzima. Mkubwa amefua soksi siku nne hadi sasa, nikamsamehe. Mimi kijiweni nimeteleza mara moja, na mwanangu alikuwepo, kwa hiyo soksi zangu nilifua.

Nyota nne kwa nusu siku, mbili kwa siku nzima. Desemba nafasi zinajaa mapema, mwalimu anataka 10,000 kwa kila mtoto kushika nafasi na harudishi. Nimeshaweka za wawili. Mwezi huo dada anakwenda Kilolo kwa siku zake 28, tumeshakubaliana na nauli nimeitenga, kwa hiyo pale nyumbani tutabaki mimi, mdogo na ugali wangu. Nimemuuliza mwalimu kama siku nzima ya Desemba itakuwa na katuni. Akanijibu, "Baba, kwani wewe utakuwa unawaonyesha nini?"