Manukato ya jangwani, pampu ya kutema mate

Aliyetunga harufu hii apewe mkono. Aliyechagua pampu sijui nimwambie nini.

Ni manukato ya utamutamu, lakini si utamu wa kukukaba koo. Ukijipulizia, inatangulia zafarani, kali, yenye ukavu wa ngozi ya mkoba mpya. Tende inafuata nyuma yake, nayo ni tende kavu isiyonata. Wanaoijua Angel ya Mugler, iliyotoka 1992 na kufungulia mlango manukato yanayonukia vitu vya kuliwa, wanajua ethili maltoli, kemikali ya harufu ya sukari, ikiachiwa inavyofanya: sukari iliyoungua inaingia chumbani kabla yako. Humu wameishikisha adabu. Ubani na udi vinakausha kila kitu, na baada ya saa moja hivi linabaki joto la mchanga lililotulia kwenye ngozi. Nimevaa manukato mengi yanayojiita ya jangwani. Mengi ni vanila tu iliyovalishwa kilemba. Hili ni jangwa kweli. Kama ngozi yako ni kavu, paka kwanza mafuta yasiyo na harufu, la sivyo zafarani inapotea mapema mno.

Sasa hiyo pampu. Haikumaliza hata robo ya chupa. Ilianza kwa kukwama, kisha badala ya ukungu ikawa inatema matone mazito yanayoteremka shingo ya chupa hadi kiganjani. Na haya si maji meupe. Vanilini, kemikali inayotoa harufu ya vanila, huyageuza manukato kuwa ya kahawia kadiri siku zinavyokwenda, na kahawia hiyo ikishika kitambaa imeshika. Kola ya shati langu jeupe ina doa ambalo sabuni zote zimelishindwa. Ungesema basi hamishia chupa nyingine. Utahamishaje? Pampu imebanwa kwa pete ya chuma, haifunguki mpaka uje na koleo.

Nikawaandikia watengenezaji. Jibu, na hapa ndipo mori uliponipanda: "Mpendwa mteja, bidhaa zetu ni za hadhi ya juu, huenda hujazoea kuzitumia." Hujazoea! Kubonyeza kunahitaji mazoea gani? Nikawatumia video, kidole kinabonyeza, tone linadondoka, kila kitu kinaonekana. Wakaniambia nibonyeze "kwa upole". Nilipozidi kung'ang'ana wakadai picha ya namba ya toleo iliyopigwa chini ya chupa. Nikaigeuza chupa: pamebaki alama ya wino uliochuruzika. Manukato yaliyovuja yameifuta namba, maana spiriti na wino haviketi pamoja. Nikawaeleza hivyo. Wakajibu kwamba bila namba hawawezi kunisaidia. Yaani ushahidi wa kosa lao umefutwa na kosa lao, halafu mzigo ni wangu!

Nilikuwa nimeshaamua nyota moja na maneno ambayo hayaandikiki hapa. Lakini juzijuzi, kwenye foleni, mama mmoja aligeuka akaniuliza, "Samahani mwanangu, umejipaka nini?" Nikamtajia jina bila kusita, tena kwa fahari, kama mimi ndiye ninayeyauza. Kwa hiyo nikapandisha nyota hadi nne. Kesho yake asubuhi pampu ikanitemea kwenye kioo cha saa, nikazishusha.

Ukikutana nayo dukani, omba upuliziwe mkononi kwanza, subiri mpaka sukari ituame, ndipo uamue. Ukiipenda, na nadhani utaipenda, ibonyeze pampu mara kadhaa mbele ya muuzaji kabla hujatoa hela, na ipige picha namba ya chini siku hiyo hiyo. Wakiitoa kwenye chupa ya kumimina, isiyo na pampu, mimi nachukua mbili. Kwa hii ya sasa naacha nyota mbili, zote za mtunzi wa harufu. Yule wa "kwa upole" hana lake hapa.