Barua za vita kutoka boksi la viatu hadi Maktaba ya Bunge la Marekani: nyota nne

Natunza wazee hapa Maryland, mwaka wa 11 sasa. Bibi niliye naye siku hizi ana miaka 94. Marehemu mumewe alipigana Vita Kuu ya Pili upande wa Pasifiki, na chini ya kitanda kulikuwa na boksi la viatu lenye barua 31 alizomwandikia mama yake. Watoto walitaka wagawane, kila mmoja achukue kumi. Bibi akakataa katakata. Usiku ule akaniuliza, hivi hakuna mahali zitakaa pamoja?

Ndipo nikakutana na Veterans History Project, mradi wa Maktaba ya Bunge la Marekani ulioanzishwa na Bunge mwaka 2000. Kilichonifurahisha ni kwamba hawaangalii cheo. Mtu awe alitumikia jeshi la Marekani tu, mpishi au dereva, na uwe na barua au picha zisizopungua 10. Hawalipi na hawadai. Fomu unazitoa kwenye tovuti yao: kuna ya wasifu wa mwanajeshi na kuna ya ruhusa. Bibi alisaini mwenyewe, mkono ukitetemeka, hakutaka nimshikie.

Wanataka barua halisi, si fotokopi, na ukishatoa umetoa. Kwa hiyo kabla ya kufunga mzigo tulipiga picha kila ukurasa kwa simu, mezani pale penye mwanga wa dirisha. Siku mbili nzima. (Duka moja la kuskani lilitutajia bei ya ukurasa mmoja, nikafunga mlango taratibu.)

Hapo nikapata kiwewe. Karibu nusu ya barua zilikuwa vijikaratasi vidogo vya kung'aa, maandishi ya kukodolea macho, na mimi nikaamini ni fotokopi. Kumbe ndiyo V-mail. Kuanzia 1942 barua ya askari ilipigwa picha kwenye filamu, filamu ikasafirishwa, kisha ikachapwa upya kwa udogo ule na kupelekwa kwa mwenyewe. Magunia 37 ya barua za kawaida yaligeuka gunia moja. Yaani hicho kijikaratasi ndicho mama yake alichokishika. Kikahesabiwa kuwa barua halisi.

Bibi alikuwa na wasiwasi kwamba hakuna la maana ndani, na kweli vita yenyewe haimo. Mumewe anaomba soksi. Anauliza mbwa kama bado anabweka usiku. Barua tatu mfululizo anamlalamikia dada yake aliyechukua baiskeli bila ruhusa. Bibi alicheka mpaka nikamletea maji, maana huyo ni wifi yake na ugomvi wa baiskeli alishausikia miaka hamsini. Karatasi moja ina kidirisha kilichokatwa kwa wembe, mkaguzi wa jeshi aliondoa jina la mahali. Mimi hiyo niliitazama kuliko zote.

Sasa, mtakaopeleka, sikilizeni: msitumie posta ya kawaida. Mimi nilishanunua stempu. Maelekezo yao yanashauri kampuni binafsi za vifurushi, kwa kuwa mzigo wa posta unaokwenda kule hupita kwanza kwenye ukaguzi wa usalama unaoweza kuharibu karatasi. Toeni pini na raba, na msiweke plastiki ya kulamineti.

Nyota moja nimeibakiza kwa sababu si kila mkusanyo unawekwa mtandaoni. Mwingine mpaka ufike chumba cha kusomea, jengo la Thomas Jefferson, tena uwe umeomba mapema. Kwa bibi wa kigari cha magurudumu, Washington ni mbali hata kama ramani inasema dakika 40. Kwake tumechapa zile picha za simu kwa herufi kubwa, amezitia kwenye boksi lilelile.

Babu yangu mimi alikuwa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, alifika Burma. Mradi huu haumhusu, ni wa jeshi la Marekani. Barua zake mbili zilizobaki ziko Muheza kwa shangazi, kwenye mkebe wa biskuti, zimefungwa nailoni. Jumapili nilimpigia simu. Nimemwomba azitoe kwenye nailoni, azitie bahasha ya karatasi, na mkebe auweke juu ya kabati, mchwa wasiufikie.