OsmAnd kwa baiskeli Malindi: soma uso wa njia kabla ya kutoka

Salaam aleikum watazamaji, karibuni. Leo tunaipima OsmAnd, programu ya ramani, kwa jicho la mwendesha baiskeli wa Malindi. Je, itakutoa mjini bila kukuweka ubavuni mwa matatu na malori ya barabara ya Mombasa? Itakutoa, ila mara nyingi si kwa njia ya kwanza itakayokupa.

Anzia penye waifai, upakue ramani ya Kenya. Toleo la bure la Play Store lina kikomo cha kupakua mara 7, basi usizimalize kwa nchi usizokwenda. Njiani hutahitaji intaneti. Kisha badilisha alama ya gari iwe ya baiskeli. Wengi husahau hapa, ndipo wanapokokotwa hadi barabara kuu.

Sasa tazameni vizuri. Kwenye mipangilio ya ramani, washa uso wa barabara. Lami, changarawe na mchanga zitajitenga kwa rangi. Njia isiyo na rangi usiidhanie lami. Maana yake hakuna aliyejaza habari zake. Kwetu pwani hilo ni jambo zito, kwani kijia kilichonyooka kwenye ramani chaweza kuwa mchanga mtupu. Baiskeli nzito ya Black Mamba yenye tairi za inchi 28 kwa 1½ huzama, usukani ukakataa, ukashuka kusukuma. Kwa hiyo, ungali kwenye waifai, fungua pia picha ya setilaiti. Ukiona njia imetanuka, alama za magurudumu zimetawanyika sambamba, ujue kila mmoja amekuwa akitafuta pa kukwepa mchanga. Iache.

Mfano: kutoka mjini hadi Hifadhi ya Bahari. Ukipitishwa barabara ya Mombasa, bonyeza kidole na ukishikilie juu ya barabara ya Casuarina, uiongeze kama kituo cha kati. Njia itahamia upande wa baharini. Tuktuk na bodaboda utazikuta, lakini hiyo si njia ya malori ya safari ndefu. Kabla ya kuondoka, fungua maelezo ya njia uone lami ni kiasi gani na mchanga ni kiasi gani. Kwangu hiki ndicho kifaa bora humu ndani.

Mambrui, kaskazini mwa mji, ni habari nyingine. Lazima uvuke Daraja la Sabaki, kwa hiyo pale unachochagua ni saa: toka alfajiri kukipambazuka, kabla magari hayajawa mengi. Na muda unaoonyeshwa hauhesabu upepo. Wakati wa kusi, upepo utokao kusini, utasukumwa ukienda, ukirudi utapigwa usoni. Ongeza muda na maji.

Ukikuta njia haina rangi, pakua StreetComplete, programu ya kujaza habari za OpenStreetMap, ramani ya pamoja ambayo OsmAnd huitumia. Simama kando, jibu swali lake la uso wa barabara, utume. Ramani za OsmAnd husasishwa kila mwezi, na mwenzako atakayepita baadaye ataona mchanga ukiwa mchanga.