Diski au ngoma: mafuta yale yale, mkamato tofauti

Breki za gari ni za aina mbili, diski na ngoma. Ukikanyaga breki, masta silinda, yaani pampu kuu ya breki, husukuma mafuta ya breki kwenye mabomba hadi magurudumuni. Hapo ndipo njia zinapoachana. Kwenye diski, pistoni ya kalipa, kishikio kinachokumbatia sahani inayozunguka na gurudumu, huzibana pedi mbili zikaikamata sahani hiyo pande zote. Sahani iko wazi, upepo huipoza upesi. Kwenye ngoma, kopo la chuma linalozunguka na gurudumu, silinda ndogo hutanua viatu viwili (vipande vya kusugua vilivyopinda) vikabana ngoma kwa ndani, na mzunguko wenyewe hukivuta kimoja kikabana zaidi. Msaada huo ni mzuri sana, ila kwenye mteremko mrefu ngoma hupata moto, hutanuka, na pedali huzama zaidi chini ya mguu. Mbele ningeweka diski bila kusita, maana ukifunga breki uzito huhamia huko. Nyuma ya gari dogo, ngoma inatosha, na breki ya mkono hukaa humo kirahisi.